Lifti ilifaulu zoezi: kisa cha abiria wa kiti cha magurudumu Kilindini

Meli ilikuwa imefunga gati Kilindini tangu alfajiri, pale kwenye kituo cha meli za watalii, na jioni ilikuwa iondoke kuelekea Zanzibar. Ulikuwa msimu wa kaskazi, bahari shwari. Miongoni mwa abiria wachache waliopandia Mombasa alikuwamo mwalimu mstaafu wa Kisauni, mzee wa miaka sabini na kitu, pamoja na bintiye ambaye ni muuguzi. Mzee alipigwa na kiharusi miaka ya nyuma na upande wa kushoto ukabaki dhaifu. Akishikwa anasimama na kupiga hatua mbili tatu, lakini ngazi haziwezi kabisa. Alikuja na vyombo viwili: skuta ya umeme aliyotumiwa na mwanawe aliye ughaibuni, na kiti cha magurudumu cha kukunja, kile cha kusukumwa na mtu.

Meli sitaitaja wala kampuni yake. Nakipitia kisa hiki na vijana wanaojiandaa kwenda kufanya kazi kwenye meli za aina hii, na ninachokiandika hapa nimekipata kwa binti mwenyewe na kwa kijana mmoja wa Likoni aliyekuwa zamu siku hiyo.

Zoezi la usalama kwenye meli ile lilifanywa kwa mtindo ulioenea tangu enzi za korona. Zamani abiria wote walikusanywa kwa wakati mmoja, wakasimama kwa mistari na majaketi ya kuokoa maisha, wakalalamika kuhusu joto. Siku hizi abiria anatazama filamu fupi kwenye televisheni ya kabini au kwenye simu, anasikilizishwa king'ora (milio mifupi saba au zaidi, kisha mmoja mrefu), halafu anakwenda kwa nafasi yake mpaka kituo chake cha kukusanyikia, kadi inapitishwa kwenye mashine, basi. Mzee alitazama filamu, akapanda skuta, akaingia lifti sitaha ya 9, akatokea sitaha ya 5, kadi ikalia. Katika kumbukumbu za meli zoezi lake likawa limekamilika.

Kijana wa Likoni ndiye aliyepitisha kadi. Alipoona jina alijua huyu ni mtu wa kwao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

Wakazungumza kidogo, ya Likoni na ya Kisauni, mpaka binti akauliza: "Na lifti zikizimwa, kaka?"

"Usijali dada. Mzee tutakuja kumchukua."

"Nani atakuja?"

"Wafanyakazi."

"Wafanyakazi gani?"

Kijana akanyamaza. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nampa alama zote: hakubuni jibu, alimwita msimamizi wake. Msimamizi akaja, mama mpole wa maneno matamu, akawaambia mzee asijisumbue. Zoezi lake limeshahesabiwa, na kwa hali yake amesamehewa mengine yote.

Hapo ndipo kisa kilipo. Jioni ile kitu kilichojaribiwa kikafaulu kilikuwa lifti. Na lifti ndicho chombo cha kwanza kuondolewa kwenye mpango moto unapozuka au umeme unapokatika. Jenereta ya dharura ya meli ya abiria inatakiwa iweze kuzishusha lifti mpaka usawa wa sitaha ili waliomo watoke. Haiko pale ili ziendelee kupandisha na kushusha watu. Kwa hiyo mzee alifanyishwa zoezi kwa njia ambayo siku ya shida haitakuwapo, na njia itakayokuwapo, yaani ngazi, akasamehewa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana kosa la kwanza lilitokea mjini kabla meli haijaonekana. Mzee alikatiwa tiketi na wakala, na fomu ilikuwa na swali la mahitaji maalumu. Wakala akauliza kama mzee anatumia kiti, akaambiwa ndiyo, akatia alama kwenye kisanduku cha kiti cha magurudumu na kufungua ukurasa wa pili. Kwake yeye, kama kwa wengi waliozoea viwanja vya ndege, alama ile ina maana moja tu: mtu aje na kiti mlangoni amsukume abiria mpaka ndani. Na kweli, gatini walikuja watu wawili na kiti. Ilikuwa bamvua na maji yamejaa, kwa hiyo meli ilikuwa imeinuka na ngazi ya kupandia imesimama mwinuko mkali kuliko ambavyo ingekuwa maji yakipwa. Walimpandisha kwa ustadi, mzee akawashukuru, na kila aliyeiona alama ile akaamini ameshaitimizia haki yake.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ambao mabaharia wote wanaujua kwa jina la SOLAS, unataka maelezo ya kila abiria aliyetangaza kuwa atahitaji uangalizi au msaada wakati wa dharura yaandikwe na yamfikie nahodha kabla meli haijaondoka. Neno zito hapo ni "aliyetangaza". Kusema kumeachiwa abiria. Na sisi watu wa huku mambo haya hatuyasemi. Binti alinieleza kwamba njiani kuelekea bandarini mzee alimkanya: "Usiwaambie mengi, watatukataza kupanda." Wakala naye alipomuuliza kama anatembea, alijibu "natembea kidogo", na hakudanganya. Ni jibu la mtu mzima anayelinda heshima yake mbele ya kijana wa dukani. Lakini kwa anayepanga nani ashushwe na nani ngazini, "natembea kidogo" ni jibu la hatari zaidi kuliko "sitembei".

Hofu ya kukatazwa ina msingi wake, ingawa sheria nyingi zimejaribu kuiondoa. Ulaya ina kanuni namba 1177 ya mwaka 2010, ambayo haimruhusu mwenye meli kumkataa abiria mwenye ulemavu ila kwa sababu za usalama au za muundo wa meli, tena azitaje sababu hizo. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2005, katika kesi ya Spector dhidi ya Norwegian Cruise Line, kwamba sheria ya nchi hiyo ya kulinda watu wenye ulemavu inazigusa hata meli za bendera za kigeni zikiwa kwenye maji yake. Kwetu kuna kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010. Haya yote yanazungumzia zaidi kupanda na kuhudumiwa. Kinachomhusu mzee wa Kisauni king'ora kikilia saa nane za usiku ni kutoka kabini.

Binti hakukubali msamaha. Ni muuguzi, kazi yake ni kuwainua na kuwalaza watu wasiojiweza, na anajua kwamba "tutakuja kumchukua" si mpango. Alimwomba afisa wa usalama mwenyewe. Afisa alikuja. Meli ilikuwa imebakiwa na saa mbili hivi kabla ya kuondoka na angeweza kuwaambia wasubiri kesho, lakini alikuja, akainama mbele ya kiti, akamuuliza mzee swali ambalo tangu dukani kwa wakala hakuna aliyemuuliza: "Unaweza kushuka ngazi ngapi?"

"Hata moja," akajibu mzee.

Wakapanda wote mpaka sitaha ya 9, safari hii kwa ajili ya kushuka. Kiti cha kushushia ngazi kikatolewa kabatini. Ni kiti chembamba cha bomba na turubai, chenye mikanda ya mpira mgongoni ambayo inashika kingo za ngazi na kuteleza polepole kadiri uzito unavyoilalia. Mmoja anashika mpini juu, mwingine anatangulia chini. Vijana wawili waliopewa kazi ile, mmoja wao huyo wa Likoni, walikuwa wamefundishwa na vyeti wanavyo. Ila walifundishwa kwa kushushana wao kwa wao. Baharia wa miaka ishirini na tano akikikalia kiti kile anajiweka mwenyewe, anajifunga mkanda mwenyewe, anakunja magoti asigongwe, na akihisi mwenzake anayumba anatoa mguu. Mzee hakuweza hata moja kati ya hayo, na ni mtu mwenye mwili. Kwenye vidato vya kwanza mguu wa kushoto uliponyoka kwenye kikanyagio ukaanza kuburuzwa. Binti akapiga ukelele wasimame. Mkono wa kushoto nao ulikuwa unaning'inia nje, upande wa reli ya ukutani, ambako ungebanwa. Walirudi juu wakaanza upya: miguu ikafungwa pamoja kwa leso ya binti, mkono ukalazwa kifuani na kutiwa ndani ya mkanda. Sitaha ya kwanza wakashuka vizuri. Ya pili wakapumzika. Walipofika sitaha ya 5 mashati yamelowa jasho, na hapo meli imefungwa gatini, taa zote zinawaka, ngazi hazina mtu.

Ngazi kuwa tupu ndiko kulikomsumbua afisa, na alikuwa na haki. Siku ya king'ora, watu wa sitaha za juu wanateremka, na wanaokwenda kumchukua mzee wanapanda. Wengi wa mabaharia hulala sitaha za chini kabisa. Saa nane za usiku vijana wale wangetoka huko, wakapishana na umati kwenye ngazi ileile, wakiwa na kiti begani. Kwa hiyo waliamua mambo mawili. Kwanza, wangepandia ngazi za wafanyakazi, za nyuma, zisizo na abiria. Pili, wasisubiri king'ora cha jumla. Katika meli nyingi wafanyakazi hupewa ishara yao mapema, tukio likiwa bado linachunguzwa. Timu ya mzee iondoke kwa ishara hiyo. Hilo la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. SOLAS inataka boti zote za uokoaji ziweze kushushwa na watu wake ndani ya dakika 30 tangu amri ya kuihama meli itolewe, lakini saa hiyo inahesabiwa watu wakiwa wameshakusanyika na kuvaa majaketi. Asiyefika kituoni hayumo katika dakika hizo.

Hata hesabu za kompyuta za jinsi watu watakavyoihama meli, zinazofanywa meli inapobuniwa, zina pengo hilohilo. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Bahari unawaingiza abiria wenye shida ya kutembea, lakini unawaingiza kama watu wanaotembea polepole. Abiria ambaye hatembei kabisa ngazini, ambaye lazima abebwe na watu wawili ambao nao wanatolewa kwenye kazi nyingine, ni hesabu ya namna tofauti.

Kisha kuna mteremko. Boti za uokoaji zinatakiwa ziweze kushushwa hata meli ikiwa imelala upande kwa nyuzi 20. Mtu wa Mombasa hahitaji kuchorewa. Amewaona wale vijana wa mikokoteni wakishuka kwenye rampu ya feri Likoni maji yakiwa yamepwa, mmoja kaegemea nyuma kwa nguvu zote na visigino vinaunguruma kwenye chuma. Sasa ugeuze mteremko huo uwe wa ubavu, ndani ya ujia mwembamba wenye zulia. Kiti cha magurudumu hakisukumiki hapo. Kinavutwa na ukuta. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, ikiwa na watu zaidi ya 4,200, ndivyo ilivyolala, baadhi ya boti zikashindikana kushushwa, na watu 32 wakafa. Mamia waliopanda siku hiyo Civitavecchia walikuwa bado hawajafanyishwa zoezi, kwa kuwa sheria ya wakati huo ilitoa muda wa saa 24 baada ya kupanda. Kuanzia tarehe 1 Januari 2015 zoezi ni kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Ndiyo sababu mzee alikuwa anahangaishwa Kilindini, na si kesho yake katikati ya bahari.

Jaketi nalo lina kisa chake, na hapa nawaomba vijana wangu wasimame kidogo. Walipofika kituoni, mmoja wa wahudumu alimvisha mzee jaketi akiwa ameshahamishiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Alimpitishia kichwani kwa upole, akaushika mkanda wa kiunoni, akauzungusha nyuma na kuufunga mbele kwa kubana vizuri, kama alivyofundishwa. Kwa mbele kila kitu kilionekana sawa. Binti akapitisha mkono mgongoni kwa baba yake na kukuta mkanda umepita nje ya kiegemeo. Mzee alikuwa amefungwa kwenye kiti cha chuma. Lau angetoswa majini vile, chombo cha kumwelesha na chombo cha kumzamisha vingekuwa vimefungwa fundo moja.

Yule mhudumu hakuwa mzembe. Alifanya alichofundishwa, kwa mtu aliyesimama. Kwa aliyekaa utaratibu ni mwingine: mmoja anamvuta abiria mbele na kumshika bega, wa pili anapitisha mkanda kati ya mgongo na kiegemeo, kisha anakagua kwa kiganja, si kwa macho. Ikiwa kuna mkono dhaifu, huo ndio unaotangulizwa kupitishwa, mzima unafuata. Binti aliwaonyesha, maana ndivyo wagonjwa wa kiharusi wanavyovishwa shati wodini. Lilichukua muda mfupi kuliko kulieleza hapa. Filamu ya kabini haikuwa na mtu aliyekaa.

Kuhusu kuingia kwenye boti yenyewe sitakawia. Kiti hakiingii. Boti moja inaweza kubeba mpaka watu 150 waliobanana begani, na hakuna nafasi ya magurudumu. Abiria anabebwa, kiti kinaachwa. Anachopaswa kuwa nacho ni kifuko shingoni au kiunoni chenye dawa zake na, kwa asiyeweza kujigeuza, mto wake wa kukalia, kwa sababu saa kadhaa kwenye benchi gumu zinatosha kumchubua. Mzee aliambiwa hivyo waziwazi na hakubisha.

Alichobishania ni skuta. Wakala hakuomba kabini pana ya watu wa viti, kwa hiyo walipewa ya kawaida, na mlango wake haupitishi skuta. Kila asipoitumia ilikuwa ikiegeshwa ujiani nje ya kabini, ikichajiwa kwa waya uliopita chini ya mlango. Afisa alipouona waya ule uso wake ulibadilika. Kampuni nyingi za meli zinakataza kabisa kuacha skuta kwenye ujia, na sababu ni mbili: gizani na kwenye moshi watu wanatambaa wakifuata ukuta na taa za chini, watajikwaa hapo na kurundikana, na betri inayochajiwa bila mtu wa kuiangalia ni chanzo cha moto chenyewe. Kabini pana zote zilikuwa na watu. Skuta ikapelekwa kuhifadhiwa chini, ikawa inatolewa kwa kuombwa na kurudishwa. Mzee akabaki na kiti cha kusukumwa.

"Mmenipokonya miguu," alisema, na kwa siku mbili hakutaka kutoka kabini.

Hili silipunguzi. Uamuzi wa afisa ulikuwa sahihi kwa kila aliyelala kwenye ujia ule, na gharama yake alilipa mtu mmoja, yeye ambaye alilipa nauli sawa na wenzake. Wanaonisomea kisa hiki kwa haraka huona skuta kama usumbufu uliotatuliwa. Mimi naiona kama deni la wakala: swali moja kuhusu upana wa chombo, wakati kabini zilikuwa bado zipo, lingemwachia mzee miguu yake safari nzima.

Sasa lile swali la "nani". Afisa alifungua orodha ya majukumu ya dharura na kuandika majina mawili, la kijana wa Likoni likiwa la kwanza. Binti akaridhika. Aliyepinga ni kijana mwenyewe, na ndiyo sehemu ya kisa ninayoipenda kuliko zote. "Bosi, mimi mkataba wangu unaisha kabla hawa hawajashuka," alimwambia. Mabaharia hupishana bandarini. Jina linapanda ndege kurudi nyumbani, na orodha inabaki na mtu ambaye hayupo. Afisa akafuta majina, akaweka namba za dharura. Kila mfanyakazi wa meli ana namba ya dharura inayokwenda na nafasi yake, na anayempokea nafasi anaipokea namba pamoja na kazi zake zote. Anayeshika namba hiyo anajua tangu siku ya kwanza kwamba kuna mtu sitaha ya 9 anayemngoja. Wakaongeza namba mbili za akiba, kwa kuwa mmoja wa wale wa kwanza, kumbe, alikuwa pia ameandikwa kusimamia mlango wa moto sitaha nyingine kwa wakati huohuo. Karatasi ilikuwa imempanga mahali pawili kwa muda wote huo, na hakuna zoezi lililowahi kulifichua kwa sababu hakuna zoezi lililowahi kumwita kwenye kiti.

Maneno ya msimamizi yule mpole, "amesamehewa", ningependa vijana wayachukie. Huku pwani tuna desturi nzuri ya kumwondolea mgonjwa na mzee adha: asisimame, asisubiri, asipange foleni. Feri ya Likoni inamtanguliza mwenye kiti, na ni sawa. Lakini kumwondolea mtu zoezi ni kumwondolea nafasi ya pekee ya kugundua kwamba mguu unaponyoka, mkanda unapita nje ya kiegemeo, na mlinzi wake yuko kwenye mlango mwingine. Na ule msemo wa ajali haina kinga, tunaopenda kuuweka juu ya kila msiba wa baharini, mji huu ulipaswa kuwa wa kwanza kuukataa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na ufuo na watu 272 wakafa, mahali ambapo ng'ambo ya pili unamwona mtu na kumtambua kwa shati lake.

Kuna wanaosema dawa ni kuwafanyisha abiria wote wa viti zoezi kamili la kubebwa, kila safari. Sikubaliani. Kumteremsha mtu ngazini kuna hatari yake, wapo ambao mifupa au moyo wao hauruhusu, na wapo wasiotaka kushikwashikwa na watu wasiowajua. Hiyo ni haki yao. Kinachotakiwa kwa lazima ni mazungumzo ya ana kwa ana, kuonyeshwa kiti na njia, kuvishwa jaketi akiwa amekaa, na timu kuja mpaka mlangoni iseme "ni sisi". Kubebwa abebwe anayekubali, na asipopatikana, baharia mzito ajilegeze kitini kama mtu asiyejiweza, asisaidie kitu, mikono na miguu ikining'inia. Hilo darasani kwetu tumeanza, na kicheko kiliisha mara moja walipofika ngazi ya tatu.

Bandari nayo ina nafasi yake. Kenya ni mwanachama wa makubaliano ya Bahari ya Hindi ya ukaguzi wa meli za kigeni, na mkaguzi wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya anayepanda meli Kilindini anaweza kutaka zoezi lifanywe mbele yake. Kwa kawaida huombwa zoezi la moto na la kushusha boti. Hakuna kinachomzuia kuchukua orodha ya abiria wenye mahitaji maalumu, kuchagua kabini moja, na kuuliza: huyu anashuka vipi, na nani?

Meli iliondoka ikiwa imechelewa kidogo, ikapita mbele ya Likoni na Mama Ngina wakati wa magharibi. Kwenye orodha ya nahodha, mstari wa mzee ulikuwa umeandikwa upya: ngazi hawezi, kushoto dhaifu, ahamishwe na watu wawili, mkanda kati ya mgongo na kiegemeo, kiti kiachwe, timu iondoke kwa ishara ya wafanyakazi. Usiku ule afisa alipiga simu kwenye kila kabini iliyokuwa na alama ya kiti cha magurudumu, na nyingine chache zisizokuwa na alama, akiuliza lile swali lake la ngazi ngapi. Kufikia asubuhi, Unguja ikionekana, alikuwa na watu kumi na mmoja wasioweza kushuka hata kidato kimoja. Viti vya kushushia vilivyokuwa melini vilikuwa vinne. Aliandika barua kwa kampuni akiomba vingine, na kijana wa Likoni alipomaliza mkataba wake na kurudi nyumbani, vilikuwa bado ni vinne.